Somo na Wageni Wake wa Mauani

Somo yangu alikuwa na sauti mbili: moja ya watu, moja ya nyuki. Ya watu ilikuwa kavu, ya kukata, kama ya mtu aliyeamshwa usingizi haujamtosha. Ya nyuki ilikuwa laini kama imepakwa samli. Asubuhi akifungua mlango wa uani na kuwakuta wameshaanza kazi kwenye mrehani, husema, "Karibuni, karibuni wageni wangu. Msione haya, kuleni." Halafu ananigeukia mie niliyesimama na ndoo ya maji kichwani: "Na wewe umesimama hapo unangoja kupigwa picha?"

Nilianza kuwaonea wivu nyuki kabla sijajua kuwaonea watu.

Naliandika hili kwa hasira, nisiseme uongo. Tangu tumzike, kila mwanamke wa Temeke aliyepata kufundwa naye ana lake la kusimulia. Kwenye matanga nilikaa jamvini, mtoto kifuani, nikawasikiliza mmoja baada ya mmoja. "Mie ndiye niliyekuwa wa moyoni mwake." "Mie alinieleza mambo ambayo hakumweleza mtu." Mmoja wao, ambaye kwa macho yangu nilimwona akifukuzwa uani kwa kukanyaga mrehani, alilia mpaka akapepewa kwa upindo wa kanga. Nikainuka nikaenda zangu. Wamemfanya malaika. Hakuwa malaika. Alikuwa somo yangu, mwanamke niliyekabidhiwa nilipovunja ungo ili anifunde, naye akanifunda, na mpaka leo nina mtoto mgongoni bado ananiuma. Alizaliwa wapi, baba yake nani, aliachana na waume wangapi, wanaoyataka hayo wana baraza zao za kuulizia. Mie namweleza nilivyomjua.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti kama zetu zote, na mbele haikuwa na kitu cha kutazama. Lakini uani! Asumini ilipanda ukuta mzima wa nyuma. Mrehani ulikaa kwa mistari kama watoto wa chuoni. Palikuwa na waridi moja jekundu lililotoka kwa mtunza bustani wa mzungu fulani, kwa njia ambayo hakuna aliyeiuliza. Palikuwa na mkilua karibu na choo, makusudi, ili mtu akienda huko asikunje uso. Pembeni, mhina. Harusi ikitajwa popote kuanzia Temeke mpaka Kigamboni, mtu wa kwanza kutafutwa alikuwa yeye, atunge makoja ya maua na vikuba vya kuvaa kifuani.

Uani humo kila mdudu alikuwa na cheo chake. Nyuki, nimekwisha kusema, ni wageni. Vipepeo aliwaita mabibi wa mjini. "Wanakuja wamevaa, wanazunguka, hawakai, na hawasemi walichofuata." Nyigu walikuwa wakwe. Akiwaona tu huvuta kanga mpaka usoni na kutunyamazisha: "Wakwe wamefika. Kaeni na adabu." Nasi wasichana wakubwa tulikaa kimya, vichwa chini, mpaka nyigu amalize shughuli zake kwenye waridi na kuondoka. Vidukari, wale wadogo wa kijani wanaojazana kwenye shina changa na kulinyonya, aliwaita wapangaji, maana wakishaingia hawatoki. Na chungu wanaokuja kuwapapasa wale vidukari makalioni ili wanywe ule utamu wanaoutoa, hao walikuwa wakusanya kodi. Alikuwa anaweza kuchutama nusu ya asubuhi anawatazama, anacheka peke yake. "Hebu njoo uone, Mwalimu. Mpangaji hajanawa uso, mkusanya kodi kashafika!"

Mwalimu ni mie. Alinipa jina hilo kabla sijafundisha hata herufi moja, siku baba yangu alipotangaza kwamba nitaendelea na shule ya bweni. Halikuwa jina la heshima. Alilitamka kama mtu anayetoa mwiba.

Mdudu mmoja alimtisha, vunjajungu. Huyo hukaa juu ya ua ameshikanisha mikono kama anayesali, kumbe anamngoja nyuki. Somo hakupenda wageni wake waliwe mlangoni, lakini kumwua vunjajungu hakuthubutu, maana nani asiyejua kwamba amwuaye huvunja vyombo? Basi alimwinua juu ya jani, taratibu, akamchukua mpaka kwenye ua wa makuti uliotenganisha kwake na kwetu, akampitisha upande wetu. "Nenda kwa akina Mwalimu, baba. Wale wana sahani nyingi." Mama yangu akivunja kikombe alikuwa anasimama uani na kupiga kelele kuelekea ule ua: "Jirani! Wako amefika!" Na kutoka upande wa pili hujibiwa, "Mpe salamu!"

Walikuwa wanapendana, mama yangu na yeye. Hata hilo sikulipenda. Nilitaka apendane na mie.

Sasa nieleze kazi yake, kwa sababu ndani ya kazi hiyo ndimo ulimokuwa ukaidi wake wote. Ua la bibi harusi, kwake yeye, halikuruhusiwa kuguswa na mdudu. Hata mmoja. Asumini huchumwa jua likianza kulegea, bado tumba, limefumba, jeupe kama jino la mtoto, ndipo linatungwa kwa uzi na kufungwa kwenye jani la mgomba lenye maji, lifumbuke baadaye likiwa tayari kichwani mwa mwenyewe. Ukichelewa, likafumbuka mtini, nondo ameshaingiza mdomo. Hilo alilitupa. Hakuliweka hata kwenye kikuba cha mama mkwe. Na sie tulioshika sindano hatukuruhusiwa kunusa. "Pua zenu mziache kwenu," alisema. "Harufu hii ina mwenyewe."

Lakini mwanamke huyohuyo aliamini kabisa kwamba nyuki ndiye anayeleta harufu kwenye maua. Aliamini ua huzaliwa halinuki kitu, nyuki akaja nayo kutoka alikotoka, akaliachia. Ndiyo maana ukimfukuza nyuki kwa kanga ulikuwa umetafuta kofi.

Siku moja, nimerudi likizo na kichwa kimejaa masomo, nikamwambia, "Somo, harufu ni ya ua lenyewe. Ndiyo inayomwita nyuki."

"Nani kasema?"

"Shuleni. Tumelipasua ua kwa wembe tukaona."

"Mkaiona harufu?"

Wenzangu wakacheka. Nikashupaa. "Haya, kama nyuki ndiye anayeileta, asumini ya bibi harusi hajaigusa nyuki wala nondo. Inanuka kwa nini?"

Hakusita hata kidogo. "Hiyo inatoka kwa bibi harusi."

Alikuwa amekosea, na wote waliokuwa pale walimshangilia yeye.

Watu hudhani mwanamke mwenye bustani kama ile alitufunda kwa maua: ua ni mke, nyuki ni mume, na mambo ya namna hiyo. Hata siku moja. Alipotufunda alitufungia chumbani, akatuonyesha mambo kwa majina yake, kavu kabisa, na aliyecheka alikula kofi. Maua aliyafundisha kando, kama maua. Nilipomwuliza kwa nini hachanganyi, alisema, "Mume si nyuki. Nyuki anajua alichofuata." Kisha akarudi kwenye sindano yake.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kike wa kizungu, mrefu, aliyeungua pua kwa jua. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba ua halimpi nyuki shibe. Linampa tone. Likimpa akashiba, hatakwenda kwenye ua la pili, na ule unga wa manjano aliojipaka hautamfikia mwingine. Kwa hiyo linamwonjesha tu, aondoke akiwa bado anataka. Wenzangu waliandika. Mie nilishika kalamu nikatazama dirishani, nikasema moyoni: huyo si ua, huyo ni somo yangu.

Kwa sababu ndivyo alivyokuwa na wari wake, sie wasichana aliotufunda. Leo anakuita ukae karibu naye, magoti yanagusana, anakushikia uzi, anakusikiliza ukiongea upuuzi wako wote. Unarudi kwenu unaruka. Kesho unakuta kibao chako kakalia mwingine, na wewe unatumwa maji. Hukosi kitu, hupati kitu. Unarudi keshokutwa. Tulikuwa wengi, na sote tulirudi.

Nilivumilia hivyo mpaka alipokuja Zena.

Zena aliletwa na shangazi yake kutoka Kinondoni wakati mie niko bweni. Nilirudi likizo nikamkuta. Msichana mfupi, mweusi wa kung'aa, shule hajafika mbali, mikono myepesi kama ya mwizi. Alitunga koja huku anaangalia pembeni. Na alikuwa na tabia ya kuimba polepole puani wakati wa kuchuma, ambayo kwa kawaida ingemtoa mtu mbio, maana Somo hakutaka kelele mauani. Kwa Zena akasema, "Mwacheni. Nyuki wamemzoea."

Nyuki wamemzoea! Mie nilikuwa nimeteka maji ya mrehani ule tangu kifua hakijaota.

Nilijaribu na mie kuimba siku moja. "Mwalimu," akasema, "una homa?"

Kabla hajafika Zena, mie ndiye niliyepewa kazi ya kufuta vidukari kwa majivu, jani moja moja. Ni kazi chafu, lakini ilikuwa yangu. Likizo ile nikamkuta Zena anaifanya, na Somo amesimama nyuma yake anamwelekeza kwa ile sauti. Naam, ile ya nyuki. Nilisikia kwa masikio yangu: "Polepole mwanangu, hapo kwenye kikonyo, vizuri." Niliweka ndoo chini nikaenda kwetu. Mama akaniuliza nina nini. Nikamwambia tumbo.

Kisha ikaja harusi ya Zena, na habari ya maboga.

Lazima ieleweke kwamba ule ua wa makuti kati yetu ulikuwa umebeba mambo mawili. Upande wa Somo asumini ilikuwa imeanza kuujia. Upande wetu mama alikuwa amepandisha maboga, na mwaka huo yalikuwa yametambaa vizuri sana, yamevuka mpaka juu, maua ya manjano makubwa kama vikombe. Harusi ya Zena ilipokaribia, mbawakawa wakaingia uani wakaanza kutafuna matumba. Somo alichanganyikiwa. Sijapata kumwona hivyo. Akaazima vyandarua. Akaenda nyumba kwa nyumba, watu walale na mbu wao, yeye apate chandarua cha kufunika asumini ya Zena. Akafunika ukuta wa nyuma, akafunika mrehani, akafunika waridi, halafu akafunika na ule ua wetu, huku na huku, maboga na yote, akashikiza kwa mawe. Ikawa kama uani kwake kumelazwa mgonjwa.

Mama alidhani ni jambo la kesho na keshokutwa. Halikuwa. Alifunika siku zote mpaka harusi ilipopita. Kila asubuhi maua ya maboga yalifumbuka ndani ya chandarua, nyuki wakaja wakagonga, wakazunguka, wakaondoka. Mchana maua yakanywea. Yale maboga machanga, madogo kama ukucha wa kidole gumba, yaliyokuwa yameshakaa chini ya maua ya kike, yakawa manjano, yakalainika, yakaanguka. Yote.

Mama akaja kwangu na moja mkononi. "Hii nini? Kuna mtu ana jicho?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha ua dume na ua jike, na unga, na kazi ya nyuki. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, na mama si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Akafunga kanga kiunoni, akaenda.

"Jirani! Umewafungia nyuki mlango, maboga yangu yamekufa!"

"Nyuki na maboga wapi na wapi? Boga lina harufu gani?"

"Mwanangu kaeleza!"

"Mwanao anajua na dawa ya kuvunja harusi za watu?"

Walikaa hawasemezani mpaka msimu ukabadilika. Mwaka ule tulikula mboga za kununua. Nami sikuumia kwa ajili ya maboga, nasema kweli. Niliumia kwa sababu nilimwona bibi mzima anaomba vyandarua vya watu kwa ajili ya Zena.

Harusi yangu ilipofika alifunika mti mmoja. Kwa kanga kuukuu.

Alinitungia koja, sikatai. Lilikuwa zuri, watu walilisifu. Nilipokuwa nimekaa, uso umefunikwa, nililichunguza kwa vidole tumba kwa tumba nione kama kuna lililofumbuliwa na mdudu. Sikuliona. Nililitafuta sana.

Mume wangu alipata chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Somo, kwa hiyo sikuwahi kuuacha ule uani. Nilifundisha watoto kidogo, kisha nikapata mimba, nikaambiwa mwanamke mwenye tumbo lake hasimami mbele ya darasa, nikarudi nyumbani. Hiyo nayo nina hasira nayo, lakini ni ya siku nyingine. Zena naye kwa mumewe, Kinondoni, akapata mimba. Na kama kwamba kuna mtu aliyetupangia, tulijifungua juma moja. Mie binti, Saumu. Yeye wa kiume.

Watu wa bara huenda hawajui uzito wa arobaini kwetu. Mzazi hakai peke yake siku hizo. Somo yake anakuja, anamkanda, anamfunga tumbo, anamfukiza udi, anamlisha. Na siku ya arobaini yeye ndiye anayemtoa mtoto nje mara ya kwanza. Anambeba mpaka mlangoni, anamwonyesha jua, anamwombea. Mama anaweza kufanya, bibi anaweza kufanya. Lakini aliye na somo hai, halafu somo asije, mtaa mzima utajua. Na utauliza.

Alikuja siku za mwanzo. Alinikanda mpaka nikalia. Kisha asubuhi moja akasema, "Nakwenda Kinondoni nikamwone mwenzio. Nitarudi."

"Utarudi arobaini?"

"Nimesema nitarudi."

Hakurudi. Siku zikaenda, watu wakawa wananijia na habari: Somo yuko Kinondoni, Somo anamwogesha mtoto wa Zena, Somo kapanda mrehani kwa Zena. Siku ya arobaini niliamka mapema, nikawasha udi, nikamvika Saumu, nikakaa kitako naelekea mlango. Majirani walikuja, wakakaa, wakatazamana. Udi ukaisha. Jua lilipokuwa kali mama alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamtoa nje. Nilisikia wanawake wanapiga vigelegele, na vigelegele vile vilikuwa vya huruma. Kama hujawahi kupigiwa vigelegele vya huruma, mshukuru Mungu.

Aliporudi Temeke sikwenda kumsalimia. Nilikaa nyumba ya tatu, namsikia akiongea na nyuki wake, sikwenda. Nilitaka nipoe kwanza. Sikupoa. Basi nikambeba Saumu nikaenda vilevile, mchana kweupe. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akiwa mzima, kwa hiyo nitaieleza ilivyokuwa.

Alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, anaokota viwavi kwenye majani ya waridi na kuwatia ndani ya kopo. Macho yalikuwa yameanza kumpungukia. Alikuwa anawapapasa kwanza.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kugombana?"

"Kugombana."

"Basi kaa. Mzazi hagombani amesimama."

Nikakaa. Nikamlaza Saumu mkekani. Hakumtazama mtoto, na hilo likanizidishia.

"Kwa nini ulikwenda kwake?"

"Nilitaka kwenda."

"Uliniambia utarudi."

"Si nimerudi? Nimekaa hapa siku ngapi? Nani hakuja?"

"Somo, niliwasha udi nikakungoja mpaka ukaisha. Watu wote wamekaa. Mama yangu ndiye aliyemtoa mwanangu nje, kama mie sina mtu!"

"Mama yako ana mikono mizuri."

"Sikuuliza mikono ya mama!" Sauti yangu ilipanda mpaka Saumu akashtuka. "Nauliza, mie ni nani kwako? Niambie tu. Kama ni Zena, sema ni Zena, nijue, nikae kwangu."

Aliokota kiwavi mwingine, akamtia koponi. Nilidhani atajibu. Kweli nilidhani hivyo, maana alifungua mdomo. Lakini kutoka mlango wa mbele tukasikia, "Hodi! Hodi humu!" na kabla hajaitikiwa mtu akapita ndani moja kwa moja mpaka uani, jasho linamtiririka, mtoto mgongoni, viatu mkononi.

Zena. Katoka Kinondoni kwa basi mpaka mjini, kisha akatembea.

"Shikamoo, Somo. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu, na leo utaniji..." Akaniona. Akashusha viatu. "Aa. Kumbe yupo. Afadhali. Aisikie na mwenyewe."

"Nisikie nini?" nikasema.

Alimsimamia Somo, akamnyooshea kidole. "Umekaa kwangu siku zote zile, nikafurahi, nikasema safari hii ni mie. Mie! Kumbe nimeletewa Mwalimu nyumbani. Nikinyonyesha, 'Mwalimu humwinua mtoto kichwa.' Nikilala, 'Mwalimu halali mchana.' Uji ukiungua, 'Mwalimu haunguzi.' Mume wangu akaniuliza, huyo Mwalimu ni mtu au ni jini?"

"Jini haunguzi uji?" akauliza Somo.

"Usinichekeshe! Na arobaini je? Mwambie! Watu wamejaa, ndugu wa mume wote wapo, unambeba mwanangu mlangoni, unamwonyesha jua, unamwombea dua, halafu unamwitaje?" Akanigeukia mie sasa, macho yamejaa machozi. "Kamwita Saumu. Mwanangu wa kiume! Mbele ya wakwe zangu! Wamecheka mpaka leo wanacheka."

Najua ningepaswa kumhurumia. Sikumhurumia. Kitu kitamu kiliniingia mwilini kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, nikakaza uso kisionekane. Lakini haki ni haki, na mie hasira zangu zilikuwa bado hazijaisha, basi nikamwambia:

"Na siku zile chache alizokaa kwangu, unajua alisemaje? Ananikanda, nalia, anasema, 'Zena hatalia.' Nilikuwa sijui kama umeshajifungua! Yeye mwenyewe alikuwa hajui! 'Zena hatalia,' anasema."

Zena akashusha kidole. "Alisema hivyo?"

"Na kwamba una mikono ya kukunja nguo za mtoto. Mie nakunja kama nafunga samaki."

"Nililia," Zena akasema polepole. "Nililia sana."

Tukamgeukia wote wawili. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kopo lake la viwavi, na sikuweza kuona kama anacheka au anajificha. Alipoinua uso haukuwa na kitu.

"Mmemaliza?" akasema. "Mmejaza uani kelele, watoto hawalali. Watu wazima wawili wamenijia nyumbani tangu saa ile, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekunywa chai."

Tuliinuka kwa pamoja. Birika lilikuwa juu ya mafiga, baridi, tupu. Zena alikuwa karibu zaidi akashika mkono wa birika. Mie nikashika ubavuni.

"Lete," nikamwambia. "Wewe umetoka safari. Kapumzike."

"Nimeshapumzika kwenye basi."

"Hujui sukari ilipo."

"Sukari ilipo napajua tangu hujarudi kutoka bweni."

Nyuma yetu Somo alikuwa amewavuta watoto wote wawili mapajani, Saumu huku, yule wa kiume huku, anawavuta vidole vya miguu, ametugeuzia mgongo. Zena akavuta birika. Nikavuta. Sikuliachia.